Makohozi ya Namba Arobaini na Moja

Niliyajua makohozi yake miezi minane kabla sijaujua uso wake. Kazi yangu ndiyo hiyo, na anayetaka kukunja pua akunje sasa tumalize. Mimi ni mpimaji wa maabara. Natandaza makohozi kwenye kioo, nakipitisha juu ya moto, natia rangi, naosha, kisha nainamia darubini kutafuta vijiti vyekundu vyembamba ambavyo ndivyo vijidudu vya kifua kikuu. Nikiviona, naandika. Nisipoviona, naandika vilevile. Nina miaka kumi na saba kwenye kiti hicho, na mgongo wangu unaijua hesabu hiyo kuliko mimi.

Mwenye makohozi yale, watu wa mtaani kwake walimwita Bi Mkasi. Alikuwa fundi cherehani, mshonaji wa sare za shule, na mkasi wake aliutundika shingoni kwa utepe tangu asubuhi mpaka anapokwenda kulala. Jina lilimfaa kwa njia mbili, maana na ulimi wake ulikuwa unakata. Mzazi akichelewa kufuata sare ya mwanawe, alimwambia, "Chukua tu, suruali imeshakuwa kaptula, mtoto ameota ndevu." Nyumba yake ilikuwa ya vyumba viwili. Cha mbele ndicho kiwanda: cherehani dirishani, meza ya kukatia, chaki, futi ya kupimia, na marundo ya vitambaa ambavyo rangi yake ilitegemea shule gani imetoa oda mwezi huo. Cha nyuma ndicho cha kulala yeye na mumewe. Watoto hawakujaliwa. Maneno ya watu waliyasikia miaka ya mwanzo, wakayazoea, na baadaye watu wenyewe wakachoka.

Mumewe alikuwa fundi mawe. Alisimama kwenye mashine ya kukatia mawe ya kaunta na ya makaburi miaka ishirini na sita, na jioni alirudi mweupe kama aliyetumbukia kwenye pipa la unga. Bi Mkasi alimvua shati mlangoni, akalikung'utia nje huku amegeuza uso. Alipoanza kukohoa yeye mwenyewe, hakutafuta mchawi mbali. Alisema ni vumbi la mawe. "Watu husema kikulacho ki nguoni mwako," aliniambia baadaye, "basi changu mimi ki nguoni mwa mume wangu."

Hayo yote aliniambia mwenyewe, mwishoni. Mwanzoni nilichokuwa nacho ni namba tu.

Hospitali yetu ilianza utafiti juu ya mapafu ya wakata mawe. Waliojiunga walikuwa sitini, na fundi mawe akawa wa arobaini na moja. Kila mmoja alipigwa picha ya kifua, akapuliza kwenye mashine ya kupimia pumzi, na akapewa dawa ya kuvuta kwa mdomo ya kumfungulia kifua. Kwa upande wake, kila mwezi alitakiwa kuleta kikopo cha makohozi ya asubuhi, kwa sababu mapafu yenye vumbi la mawe hushikwa na kifua kikuu upesi. Sharti lilikuwa moja, na nesi alilisoma kwa sauti ya ukali: asiyeleta makohozi miezi mitatu mfululizo anaondolewa kwenye utafiti.

Fundi mawe alikuwa na kikohozi kikavu. Alikohoa mpaka mishipa ya shingo ikasimama, na alichotoa ni mate. Mwezi wa kwanza alileta mate, nikayarudisha. Mwezi wa pili akaleta mate tena, nikayarudisha na kuandika kwenye fomu kwa herufi kubwa: MATE, SI MAKOHOZI. Sikuwa mpole. Mtu anayekuletea mate anakupotezea kioo, rangi na saa ya kazi.

Mwenzangu msomaji, lile neno langu la herufi kubwa lilifika mpaka kwenye kile chumba cha nyuma. Fundi mawe alirudi nyumbani na fomu mkononi, akakaa kitandani, akasema wanamtoa. Dawa ile ya kuvuta ndiyo iliyokuwa inamwezesha kulala akiwa amejinyoosha. Kabla ya hapo alilala ameketi, ameegemea ukuta, na mkewe amekaa macho anahesabu pumzi zake. Bi Mkasi akaisoma fomu, akaitupa mezani, akasema, "Wanataka makohozi? Mimi ninayo ya kugawa." Asubuhi, kabla ya kuwasha jiko, akakaa kwenye cherehani, akakohoa vizuri, akajaza kikopo, akakifunga. Hawakuona kama wanamdhulumu mtu. Walidhani tunatafuta vumbi, na vumbi lenyewe wote wawili walikuwa nalo.

Nilifurahi kukiona kikopo kile. Kilikuwa na makohozi mazito, ya kutosha, kama kitabu kinavyotaka, nikawaonyesha wanafunzi waliokuwa mazoezini na kuwaambia, "Sampuli ndiyo hii." Kitu kimoja tu kilinikera: nyuzi. Vijinyuzi vya rangi ya buluu vilielea juu. Nikaviondoa kwa kijiti, nikaandika pembeni mwa fomu: uchafu, nyuzi za buluu. Kisha nikainama kwenye darubini, nikaona vijiti vyekundu vimejaa.

Sasa sikiliza walivyofikiri, maana nimewaza sana na bado sijapata pa kuwalaumu. Nesi alimwita fundi mawe, akamwambia ana kifua kikuu, aanze dawa, na alete kikopo kingine cha kuthibitisha. Mkewe naye aje apimwe kama mtu wa nyumba moja. Wakarudi nyumbani wakatazamana. Walijua makohozi ni ya nani. Wakisema, utafiti umekwisha na dawa ya kuvuta imekwisha. Wakaona wasiseme kwanza, wangoje kipimo cha Bi Mkasi, kama anao ugonjwa kitasema chenyewe. Lakini asubuhi ya kupima, kifua chake kilitoa makohozi ya kikopo kimoja tu. Vikopo viko viwili. Akatia makohozi kwenye cha mumewe, na kwenye chake akatia mate.

Yale mate yalifika kwangu siku ya Ijumaa, sanduku limejaa, mwenzangu yuko likizo. Nilitakiwa kuyarudisha. Sikuyarudisha. Niliyatandaza, nikayasoma, sikuona kitu, nikaandika hana ugonjwa, nikatia sahihi. Na vikopo vyote viwili, ukitaka kujua, vilikuwa na nyuzi za buluu.

Majibu yakaenda nyumbani: mume mgonjwa, mke mzima. Wao walijua jinsi vikopo vilivyojazwa, lakini karatasi ilikuwa na muhuri. Fundi mawe aliniambia, "Tulisema labda vipimo vyenu vinaona tusiyoyaona. Mimi nilikuwa nakohoa zaidi yake. Nilikuwa nimekonda zaidi yake. Sisi ni nani tubishane na hospitali?" Kwa hiyo wakafanya kama walivyofanya maisha yao yote kwa kila kitu kilichoingia nyumba ile. Waligawana. Dawa zilikuwa vidonge vitatu kila asubuhi. Kimoja chake, kimoja cha mkewe, na cha tatu Bi Mkasi alikikata kwa mkasi wake. Yeye ndiye aliyepewa kadi ya usimamizi, atie alama kila siku kwamba mumewe amemeza. Alitia alama bila kuruka hata siku moja. Nesi aliisifu kadi ile mbele ya wagonjwa wengine. Na kikopo cha kila mwezi cha mumewe aliendelea kukijaza yeye.

Nusu dawa ni mbaya kuliko kukosa dawa. Vijidudu vinapigwa, havifi vyote, na vilivyobaki vinajifunza kupigwa. Kwenye darubini niliviona vikipungua mwezi wa pili, na mwezi wa tatu sikuona kitu, nikaandika kwa raha. Bi Mkasi naye alipata nguvu, akachukua oda kubwa ya sare za kijani. Mwezi wa tano vikarudi. Mwezi wa sita vikawa vingi kuliko mwanzo. Tukaviotesha, tukavijaribu kwa dawa, na dawa kuu mbili hazikuvigusa.

Hapo ndipo namba arobaini na moja ilipopata umaarufu. Daktari mkuu wa utafiti, mtu makini, mwembamba, anayekula karanga moja moja, alikuwa hajawahi kuona kisa kama kile. Mgonjwa ambaye makohozi yake yanachemka kwa vijidudu sugu, lakini anakula, uzito haupungui, halowi jasho, na picha yake ya kifua inaonyesha vumbi lilelile la siku ya kwanza, halijaongezeka hata doa. Akaandika kisa hicho kurasa sita akipendekeza kwamba pengine vumbi la mawe linavifungia vijidudu mahali pamoja. Akatuita sote kwenye chumba cha mikutano, akabandika picha kwenye taa, akatuomba mawazo. Kila mmoja alikuwa na lake. Mimi nilikuwa na fomu nane mapajani, za miezi minane, niseme hali ya sampuli.

"Mlete mgonjwa," daktari akaniambia.

Kwenye korido fundi mawe alikuwa amekaa kwenye benchi. Kando yake alikaa mwanamke mwembamba, mkasi kifuani, leso mdomoni, anakohoa kikohozi cha chini chini kama anayemwonea haya mtu. Alipoishusha leso nikaona begani mwake uzi wa rangi ya maruni. Nikaitazama fomu ya juu. Mkono wangu mwenyewe ulikuwa umeandika: uchafu, nyuzi za maruni.

Nikakaa pale pale kwenye benchi, karibu katikati yao, nikasahau nimetumwa nini.

"Dada, unafanya kazi gani?" nikamuuliza.

"Nashona sare. Kwa nini, una mtoto wa shule?"

"Mwezi wa tatu wa dawa za shemeji ulikuwa unashona rangi gani?"

"Kijani."

Fomu ilisema kijani.

"Na mwezi wa kwanza?"

"Buluu. Shule zilikuwa zinafunguliwa." Akacheka kidogo, akakohoa. "Mdogo wangu, unanipima nguo au unanishtaki?"

Fundi mawe hakucheka. Alikuwa amekwisha kuelewa. Aliitazama sakafu, vidole vyake vikubwa vimeshikana.

"Nani amekuambia?" Bi Mkasi akauliza, sasa kwa sauti ndogo.

"Wewe mwenyewe," nikasema. "Kila mwezi. Mimi ndiye niliyekuwa nakuita uchafu."

Nilirudi kwenye mkutano nikasema. Nilitegemea kelele. Daktari alitoa picha kwenye taa taratibu, akakaa, akasema, "Nimeandika kurasa sita juu ya mtu ambaye hayupo." Kisha akainuka haraka akaenda kwenye benchi mwenyewe, akamshika Bi Mkasi mkono, akampeleka kupigwa picha. Pafu la kushoto lilikuwa na shimo la kuingia ngumi. La kulia lilikuwa limeanza.

Siku hiyo hiyo tulimlaza. Tulimwanzishia dawa za usugu, zile kali, za kutapisha na za kuvuma masikioni. Mumewe tukamsimamisha dawa, tukamvutisha mvuke wa maji ya chumvi mpaka akatoa makohozi ya kwake mwenyewe, kwa mara ya kwanza. Nikayapeleka kuoteshwa kwenye chupa mbili. Kuotesha huchukua wiki nane, na vijidudu havina habari na haraka ya mtu.

Sikuwa na sababu ya kikazi ya kwenda wodini. Nilikwenda kila siku baada ya kazi. Nilivaa barakoa, nikakaa karibu na dirisha lililo wazi, naye akanizungumzisha. Siku ya kwanza nilikwenda kuomba radhi, nikamweleza habari ya Ijumaa ile na mate. Alinisikiliza mpaka mwisho. "Kwa hiyo nawe ulilipua kazi," akasema. "Mimi nimelipua pindo ngapi siku za Ijumaa! Ila pindo likifumuka mtoto anachekwa tu." Akageukia ukuta, na nikaona mabega yanatikisika. Nililia naye, barakoa ikaloa, na kwa sheria zetu barakoa iliyoloa hairuhusiwi.

Baada ya hapo hakulirudia. Alinisimulia ujana wake, cherehani ya kwanza aliyoazimwa na shangazi, jinsi fundi mawe alivyokuja kushonesha suruali moja mara nne kwa sababu alikuwa haijui njia nyingine ya kuja. Alimwita "shemeji yako" alipozungumza nami, na mumewe alipoingia alimtania kwamba sasa amepata mpelelezi kwenye familia. Aliniuliza vijidudu vyake vinafananaje. Nikamwambia ni vijiti vyekundu vilivyopinda kidogo. "Kama nyuzi," akasema. Nikakubali kwamba ni kama nyuzi.

Jambo lililomsumbua lilikuwa moja tu, nalo aliniuliza karibu kila jioni: je, mumewe atanyang'anywa ile dawa ya kuvuta? Nilikwenda kwa daktari, nikapiga meza, daktari akasema fundi mawe habanduliwi kwenye utafiti na akaandika hivyo kwa mkono wake. Nilipomletea Bi Mkasi karatasi aliisoma mara mbili, akaiweka chini ya mto.

Wiki ya tano, asubuhi, mshipa ulipasuka ndani ya lile shimo la pafu. Alikohoa damu, nesi akaitwa, na kabla hajamaliza kuvaa glavu Bi Mkasi alikuwa amekwisha. Alikuwa na miaka hamsini na mbili. Mumewe alikuwa njiani anakuja na chai.

Kwenye mazishi watu walisema kama watu wasemavyo: mficha maradhi kifo humuumbua. Mtu wa pili akalirudia, wa tatu akatikisa kichwa. Nilishindwa kuvumilia. Nikawaambia yule hakuficha maradhi. Aliyaleta mwenyewe hospitalini kila mwezi, kwenye kikopo safi, kimefungwa vizuri, na tuliyapokea, tukayasoma, tukayapa namba ya mtu mwingine. Walinitazama kama mwehu. Fundi mawe akanishika kiwiko, akasema, "Waache, dada. Hawajui." Nilinyamaza kwa ajili yake.

Wiki tatu baadaye makohozi ya fundi mawe yakatimiza siku zake. Nikafungua chupa zote mbili, nikazitazama kwenye mwanga. Zilikuwa safi. Hakuna kilichoota. Nilipaka kioo, nikasoma, nikasoma tena siku iliyofuata, kwa sababu nilitamani kuona walau kijiti kimoja. Katika miaka kumi na saba ilikuwa mara ya kwanza kumwombea mtu ugonjwa.

Alikuja mchana. Shati lake lilikuwa na vumbi mabegani, maana hakukuwa na wa kulikung'uta. Nikamkaribisha ndani, jambo ambalo haturuhusiwi, nikampa kiti changu.

"Majibu ni mazuri, shemeji," nikasema. "Huna kifua kikuu."

"Nimepona, au sikuwa nao?"

Nilijua atauliza, na usiku kucha nilikuwa nimeandaa la kumwambia. "Hilo haliwezi kujulikana kwa hakika. Ulimeza dawa miezi minane. Huenda ulikuwa nao kidogo, dawa zikausafisha."

"Dada." Alinitazama. "Mimi nikigonga jiwe najua kama lina ufa ndani. Nawe umesoma vioo miaka yote hiyo. Unadhani nini?"

Picha yake ya kwanza ilikuwa na vumbi tu. Ya mwisho ilikuwa na vumbi tu.

"Nadhani hukuwa nao," nikasema.

Mashine ya kuzungusha chupa ilikuwa inanguruma, nikaizima.

"Basi dawa zote zilikuwa zake," akasema.

Nikaifunika fomu yake mezani.

"Vidonge vitatu," akaendelea, "vilikuwa vinamtosha. Angemeza vyote vitatu angekuwa anashona saa hizi." Akafungua kiganja chake cha kulia, akakitazama kana kwamba kuna kitu ndani. "Kile cha tatu, dada, mkasi haukikati sawasawa. Kila siku kipande kimoja kinakuwa kikubwa. Alikuwa anavipima kwa macho, halafu kile kikubwa ananitia mimi kiganjani. Nikimwambia leo chukua wewe, anakataa. Ananifunga vidole, hivi. Anasema, kula, wewe ndiye mgonjwa."